Maji ya Mvua Yanapokataa Kuondoka: Kutafuta Chanzo Kwenye Miteremko ya Barabara na Kiwanja

Malalamiko kuhusu maji ya mvua huja na hukumu tayari: bomba ni dogo, chemba hazitoshi, mtaro ubomolewe ujengwe mpana zaidi. Kabla ya kuikubali hukumu hiyo, ulizia leveli, yaani vimo vya uso. Maji ya mvua husafiri kwanza juu ya ardhi, lami au zege kabla ya kufika kwenye bomba lolote, na uso huo ndio unaoamua yaishie wapi. Uso ukikosewa kwa sentimita 2 tu, bomba lenye upana wowote litabaki kavu huku dimbwi likiwa mita 3 kando yake. Ndiyo maana hapa tunaanza na kile kinachoonekana, tunarudi nyuma hadi kwenye mteremko uliokileta, na marekebisho mengi yatakuwa ya kubadilisha uso wenyewe. Bomba litasubiri zamu yake.

Kabla ya kulaumu chochote

Nenda eneo la tukio mvua ikiwa inanyesha. Mvua ikishakatika utakuta dimbwi, na dimbwi linakuonyesha mwisho wa safari tu. Mvua ikinyesha unaona maji yanatoka wapi, yanageukia wapi, yanaruka ukingo gani. Piga picha, kisha chora mishale juu ya ramani ya eneo. Maji yakianza kupungua, weka alama za rangi kwenye kingo za dimbwi. Kama msimu wa mvua uko mbali, boza la maji likimwagwa taratibu upande wa juu litakupa picha inayotosha.

Baada ya hapo pima. Kwa ua mdogo, uzi na pima maji, au mpira wa maji wa fundi, vinatosha kabisa. Kwa barabara, mpimaji achukue leveli kila mita 5 kwenye mstari wa kati, kwenye kingo zote mbili na chini kabisa ya mfereji wa pembeni. Usitegemee ramani ya kontua (mistari ya kimo sawa) za mita 1 kwa kazi hii. Ardhi yenye mteremko wa asilimia 1 ina kontua hizo kila baada ya mita 100, na shida unayoitafuta imejificha humo katikati.

Madimbwi yaliyotapakaa juu ya lami, zege au vitofali

Hii ndiyo dalili inayoonekana zaidi, na ina vyanzo vitatu ambavyo ni rahisi kuvichanganya.

Cha kwanza ni mteremko ulioandikwa kwenye mchoro ukiwa mdogo mno kuhimili makosa ya kawaida ya ujenzi. Chukua mteremko wa asilimia 0.5. Katika mita 4, tofauti ya kimo kati ya ncha mbili ni milimita 20. Fundi mzuri akiruhusiwa kukosea milimita 10 juu au chini, basi ncha ya juu inaweza kuwa imeshuka milimita 10 na ya chini imepanda milimita 10. Mteremko umekwisha wote, na hakuna aliyevunja masharti ya mkataba. Kwa maoni yangu kosa hilo ni la mchoraji. Asilimia 0.5 naiachia mifereji ya zege iliyojengwa kwa uangalifu. Uwanja wa zege usipungue asilimia 1, wa lami asilimia 1.5, na wa vitofali au majani asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita. Barabara ya lami kwa kawaida huteremka asilimia 2 hadi 2.5 kutoka mgongoni, yaani sehemu yake ya juu katikati, kwenda pembeni. Ya changarawe inahitaji asilimia 4 hadi 6, kwa sababu uso wake hauko laini na magari huuchimba haraka.

Chanzo cha pili ni kutitia. Dimbwi la kosa la uchoraji huwa refu na bapa, likifuata mstari wa barabara. Dimbwi la kutitia huwa la mviringo au linafuata mfereji wa bomba uliofukiwa, na mara nyingi lina nyufa pembeni. Ukiliona karibu na chemba, nyuma ya ukuta wa daraja, au juu ya kalavati, shuku udongo wa kujaza ambao haukushindiliwa tabaka kwa tabaka. Hapo kumwaga lami juu ni kuahirisha tatizo. Fukua, shindilia, kisha ujenge upya.

Cha tatu kinakera kwa sababu kingezuilika kwa dakika chache: mdomo wa chemba umewekwa juu kuliko uso unaouzunguka. Maji yanafika, yanasimama pembeni yake, hayaingii. Mdomo unatakiwa uwe chini ya uso huo kwa milimita 5 hadi 10, na uso uelekezwe kwake kutoka pande zote. Wakati wa ujenzi, chemba husimamishwa mapema na lami huja wiki nyingi baadaye. Mtu mmoja lazima apewe jukumu la kulinganisha leveli hizo mbili, la sivyo kila mmoja atadhani ni kazi ya mwenzake.

Kuhusu matengenezo, usijaze dimbwi peke yake. Ukilijaza, maji yanahamia mita 2 mbele na unaanza upya. Anzia mahali maji yanapotokea, panda kinyume na mkondo ukipima, uone mteremko unavunjika wapi hasa. Vitofali vina faida kwamba hung'olewa na kupangwa tena, ila usiinue uso kwa kuongeza mchanga wa kulalia. Mchanga huo hukaa vizuri ukiwa na unene wa milimita 25 hadi 40. Ukizidi hapo, magurudumu yataubonyeza na dimbwi litarudi palepale. Inua tabaka la chini.

Maji yanasimama penye kuingia au kutoka kwenye kona

Barabara iliyonyooka ina mgongo katikati na inamwaga maji pande zote mbili. Kwenye kona hulazwa upande mmoja ili gari lisisukumwe nje. Kati ya hali hizo mbili kuna kipande ambapo njia ya nje (nusu ya barabara iliyo upande wa nje wa kona) inageuka kutoka kuteremkia nje hadi kuteremkia ndani, na katikati ya kugeuka huko kuna mahali ambapo mteremko wa upana ni sifuri. Mteremko wa urefu wa barabara ukiwa mdogo mahali hapohapo, maji hayana pa kwenda.

Kuna tatizo baya zaidi ambalo halionekani kwa anayeangalia mstari wa kati peke yake. Tuseme njia ya nje ina upana wa mita 3.5 na inageuka kutoka asilimia 2 ya kushuka hadi asilimia 4 ya kupanda, katika urefu wa mita 40. Ukingo wa nje umepanda sentimita 21 kulinganisha na mstari wa kati, sawa na takriban asilimia 0.53 kwa urefu. Kama barabara yenyewe inashuka kwa asilimia 0.4 kuelekea upande huohuo, ukingo haushuki tena. Unapanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 0.1. Mchoro wa mstari wa kati unaonyesha mteremko mzuri, na pembeni maji yamezuiwa na barabara yenyewe.

Kwa hiyo kila kona ichorewe mistari mitatu ya urefu: wa kati, wa ukingo wa kushoto na wa ukingo wa kulia. Ukingo wowote unaobadili mwelekeo ni dimbwi linalosubiri mvua. Kwenye mchoro, tiba ni kuhamisha mahali pa sifuri pakae kwenye sehemu yenye mteremko wa urefu wa angalau asilimia 0.5, au kurefusha au kufupisha kipande cha kugeuka, mradi usalama wa mwendo usiathirike. Usiruhusu mahali pa sifuri pakutane na kilele cha kilima au kitovu cha bonde la barabara, yaani sehemu ya chini ambako barabara inashukia kutoka pande zote mbili. Barabara ikishajengwa, kinachobaki ni kuweka chemba kwenye ukingo huo au kukwangua lami na kuipanga upya, na vyote viwili ni ghali.

Angalia jambo moja zaidi hapo. Maji yaliyokuwa yakitembea kwenye mfereji wa upande mmoja, mteremko wa upana ukigeuka, huukata upana wote wa barabara kwenda upande wa pili. Dereva anayekuja kwa kasi anakutana na utando wa maji kwenye kona, mahali ambapo anahitaji tairi zishike kuliko popote. Chemba iwekwe kabla ya mahali pa kugeuka, iyakamate maji hayo kabla hayajavuka.

Barabara ya mteremko mkali ambayo bado inabaki na maji

Watu hushangaa: inakuwaje barabara inayoteremka asilimia 6 ibaki na maji juu yake? Jibu liko kwenye njia ambayo tone la maji linapita. Halishuki moja kwa moja pembeni. Linafuata mwelekeo unaochanganya mteremko wa urefu na wa upana. Kama barabara imelazwa upande mmoja kwa asilimia 2, ina upana wa mita 7 na inashuka kwa asilimia 6, tone lililoangukia ukingo wa juu litasafiri mita 22 hivi kabla ya kutoka barabarani. Njia nzima hiyo linakusanya mwenzake na mwenzake, na utando unazidi kuwa mnene. Ukiongeza mteremko wa upana hadi asilimia 4, safari inapungua hadi mita 12.6.

Kwenye barabara za changarawe athari hiyo unaiona kwa macho: mifereji midogo inayochimbika kwa mshazari au kufuata nyayo za magurudumu. Grida (mtambo wa kuchonga barabara) ikipita, irudishe mgongo. Kusawazisha tu hadi barabara iwe tambarare kama sakafu ni kuiandaa iharibike. Na michirizi ya magurudumu isipofutwa mapema inageuka kuwa mitaro, maji hayafiki pembeni hata mgongo ukiwa wa asilimia 6.

Bonde la barabara linajaa kila mvua kubwa, ingawa chemba zipo

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo madhara makubwa hutokea.

Kwanza, kadiria maji. Kanuni inayotumika kwa maeneo madogo ni ile ambayo Emil Kuichling aliieleza Marekani mwaka 1889: zidisha kigawo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka juu ya uso), ukali wa mvua na ukubwa wa eneo. Ukali ukiwa kwa milimita kwa saa na eneo kwa hekta, gawa kwa 360 upate mita za ujazo kwa sekunde. Hekta 1 iliyojengwa sana, yenye kigawo cha 0.8, kwenye mvua ya milimita 100 kwa saa, inatoa lita 222 kila sekunde.

Sasa linganisha na vyombo vilivyopo. Mfereji wa pembeni ya barabara, ambao kwa hakika ni pembetatu kati ya lami na mawe ya ukingo, kwenye mteremko wa upana wa asilimia 2.5 na wa urefu wa asilimia 0.5, maji yakiwa yametanuka mita 2 kutoka ukingoni, unabeba lita 22 hivi kwa sekunde. Moja ya kumi. Bomba la zege la milimita 300 lenye mteremko wa asilimia 1, likiwa limejaa, linapitisha kama lita 97. Hayo ni makadirio ya bomba safi. Bonde ndiko kila jani, kila mfuko wa plastiki na kila konzi ya mchanga huishia, kwa hiyo wahandisi wengi huhesabu chemba za bondeni kana kwamba nusu ya mdomo imeziba. Nakubaliana nao.

Halafu kuna suala la mvua yenyewe. Mabomba mengi ya mitaani husanifiwa kwa mvua inayotarajiwa kufikiwa au kuzidiwa mara moja kwa miaka 2, 5 au 10 kwa wastani. Tukichukua ya miaka 5, uwezekano wa kuzidiwa angalau mara moja ndani ya miaka 5 ni karibu theluthi mbili. Bomba kuzidiwa ni jambo lililopangwa. Swali la maana ni hili: likizidiwa, maji yanakwenda wapi?

Simama katikati ya bonde, ujiulize maji yakipanda sentimita 10, 20, 30, ni ukingo upi yatauruka kwanza. Ukingo huo ndio njia ya dharura ya maji, uwe umeipanga au hukuipanga. Ikiwa imepangwa, itapita kwenye uchochoro wa wazi, bustani au mfereji wa majani hadi kwenye bonde la asili. Isipopangwa, itapita kwenye lango la mtu na sebuleni mwake.

Nguvu ya njia hiyo ya juu haithaminiwi vya kutosha. Pengo lenye upana wa mita 6, maji yakilipita kwa kina cha sentimita 10, linaachia takriban lita 300 kwa sekunde: mara tatu ya lile bomba, na zaidi ya maji yote ya ile hekta moja. Halizibwi na mfuko wa plastiki. Linachotaka ni leveli tu: pengo liwe chini kuliko kizingiti cha nyumba iliyo jirani, na lisizibwe baadaye na ukuta, kitalu cha maua au tuta la mtu anayejikinga. Desturi ya kawaida ni sakafu ziwe angalau milimita 300 juu ya kimo cha maji yanayotarajiwa hapo.

Kwa hiyo bonde likijaa, fuata mpangilio huu wa maswali. Je, maji yanafika kwenye mdomo wa chemba au yanaupita pembeni? Yakiupita, tatizo ni uso au idadi ya midomo. Yakifika lakini mdomo umezama huku bomba la chini halijajaa, mdomo ni mdogo au umeziba. Fungua kifuniko uangalie, usibahatishe. Bomba likiwa limejaa na maji yanarudi juu, angalia mwisho wake: huenda mto au mtaro unaopokea umejaa, na hapo hata bomba la mita 1 halitasaidia. Chochote utakachogundua, shughulikia njia ya dharura pia. Mtu anaweza kupoteza maisha bondeni. Gari dogo huanza kuelea kwenye maji yaliyosimama ya kina cha sentimita 30 hivi, na maji yakiwa yanakwenda, kina kidogo zaidi kinatosha kulisukuma. Kwa watembea kwa miguu, hasa watoto, kipimo kinachotumika sana ni kina kwa mita kuzidishwa na kasi kwa mita kwa sekunde, kisizidi 0.4.

Kuhusu umbo la bonde lenyewe, likichorwa bapa mno, kitovu chake kinakuwa na eneo refu lisilo na mteremko. Ndani ya mita 15 kutoka sehemu ya chini kabisa, hakikisha angalau asilimia 0.3 inabaki.

Maji yanaingia ndani ya jengo

Uliza yanaingilia upande gani. Jibu hilo pekee humaliza nusu ya uchunguzi.

Yakitoka nyuma, kwenye kiwanja cha mteremko, karibu kila mara jengo limekaa kwenye jukwaa lililochongwa mlimani na ukuta wa nyuma ndio umekuwa bwawa la maji yote ya juu. Hapo panatakiwa mfereji wa kukinga, uliochimbwa upande wa juu wa jengo na kuzunguka pande zote mbili hadi chini, wenye mteremko wa asilimia 1 au zaidi bila kukatika. Mfereji unaoishia kwenye kona ya nyumba ni mbaya kuliko kutokuwa nao, maana umeyakusanya maji na kuyaachilia mahali pamoja.

Yakitoka mbele, angalia barabara. Pale kiwanja kilipo chini ya barabara, lango hugeuka kuwa mdomo wa mto: mawe ya ukingo yameshushwa gari lipite, na maji ya mfereji yanaona mlango. Njia ya gari inatakiwa ipande kwanza kutoka barabarani hadi ifikie angalau kimo cha juu cha mawe ya ukingo, mara nyingi milimita 150 juu ya sakafu ya mfereji, ndipo ianze kushuka kuelekea ndani. Watu wengi huweka mfereji wenye wavu wa chuma mbele ya gereji wakidhani umetosha. Huo uwe kinga ya pili. Kinga ya kwanza ni ule mwinuko.

Yakijitokeza kuta zote, mvua isiyo hata kubwa, pima ardhi inayogusa msingi. Mita 3 za kwanza kutoka ukutani zinahitaji kushuka kama asilimia 5, yaani sentimita 15, kama ni udongo au majani. Kama ni sakafu ngumu, asilimia 2 inatosha. Mara nyingi utakuta mteremko ulikuwepo siku ya kukabidhi, kisha udongo uliojazwa kando ya msingi ukatitia na kugeuza mwelekeo. Au mwenye nyumba amejenga kitalu cha maua chenye kingo za matofali, akafungia maji ukutani kwa mikono yake. Paa la mita za mraba 200 kwenye mvua ya milimita 100 kwa saa linamwaga lita 5.5 hivi kila sekunde. Bomba la gata likiishia miguuni mwa ukuta, maji yote hayo yanakwenda msingini.

Ukingo umekuwa juu kuliko barabara, au lami mpya imeleta mafuriko

Dalili hizi mbili zina chanzo kimoja: kimo kimebadilika baada ya ujenzi. Pembeni mwa barabara isiyo na mawe ya ukingo, majani hunasa mchanga kidogo kidogo hadi bega la barabara linakuwa juu kuliko lami. Maji yanatembea kando ya lami badala ya kwenda mtaroni, yanaila lami kutoka ukingoni. Kwangua bega lirudi chini ya lami. Kwa upande mwingine, lami mpya ikimwagwa juu ya ya zamani bila kukwangua, mawe ya ukingo yanapoteza kina na mfereji hauna tena ujazo. Maji yaliyokuwa yakibaki barabarani sasa yanaruka. Kabla ya kuongeza tabaka, pima kina cha ukingo kilichobaki, na vizingiti vya nyumba zote za pembeni.

Makutano ya barabara

Pitisha mgongo wa barabara kuu bila kuuvunja, barabara ndogo ndiyo ijirekebishe. Maji ya barabara ndogo yakamatwe kabla ya makutano. Ukikuta dimbwi kwenye njia panda, mara nyingi pembe mojawapo ya mzunguko wa ukingo imechorwa bila leveli, ikaachiwa fundi aunganishe kwa jicho.

Mtaro unachimbika juu na kujaa mchanga chini

Ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Kasi ya maji hukua kwa kipeuo cha pili cha mteremko, kwa mujibu wa kanuni ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland wa karne ya 19. Mtaro wa udongo wenye kina cha wastani cha mtiririko cha sentimita 15, ukiteremka asilimia 3, unapata kasi inayokaribia mita 2 kwa sekunde. Ukilegea hadi asilimia 0.5 mbele, kasi inashuka hadi 0.8. Udongo wa kichanga huanza kubebwa kwenye kasi ya mita 0.6 hivi, majani yaliyoshika vizuri hustahimili kama 1.5. Kwa hiyo sehemu ya juu inachongwa, na kilichochongwa kinatua pale mteremko unapolegea. Kuzoa mchanga kila mwaka hakutaisha hadi sehemu ya juu itulizwe.

Tuliza kwa vizuizi vya mawe vinavyokata mtaro. Kanuni ya nafasi ni rahisi: kilele cha kizuizi cha chini kiwe sawa na mguu wa kizuizi kilicho juu yake. Kizuizi cha sentimita 30 kwenye mteremko wa asilimia 5 kinafuatwa na kingine baada ya mita 6. Katikati ya kila kizuizi pawe chini kuliko kingo zake, vinginevyo maji yatazunguka pembeni na kuchimba ukuta wa mtaro. Tiba nyingine, ambayo naipendelea pale nafasi inaporuhusu, ni kutoyaacha maji yawe mengi: toa michepuko ya mara kwa mara kutoka mtaroni kwenda ardhi yenye majani, ili mtaro usibebe mzigo wa kilomita nzima.

Jirani wa chini anaanza kulalamika

Msikilize, huenda ana haki. Hata ukiwa hujaongeza tone, ukiyakusanya maji yaliyokuwa yakitapakaa kwenye upana wa mita 50 na kuyatoa kwenye bomba moja, umebadilisha utando mwembamba kuwa mkondo wa kuchimba. Na kama umeezeka na kusakafia, umeongeza pia: kigawo cha majani kwenye ardhi ya kichanga kinaweza kuwa 0.1, cha zege 0.9. Weka mawe mwishoni mwa bomba kuvunja kasi, rudisha maji yatapakae kupitia kizingiti kirefu kilicho sawa kabisa kwa leveli, na kama wingi umezidi, tenga eneo la chini kiwanjani mwako lijae kwa muda na kutoa polepole kupitia tundu dogo. Eneo hilo nalo liwe na njia yake ya dharura.

Kwenye mchoro, kabla ya mkandarasi kuingia

Chukua mchoro wa leveli, futa mabomba yote, kisha chora mishale ya maji kwa penseli kuanzia kilele hadi nje ya mpaka. Kila mahali mishale miwili inapokutana ana kwa ana na hakuna unaoendelea, zungushia duara. Andika kando ya kila duara kimo ambacho maji yatafurikia, na kimo cha sakafu iliyo karibu zaidi. Pale ambapo cha kwanza si cha chini kwa milimita 300 au zaidi, mchoro urudi mezani. Kisha tembea mpaka wote wa kiwanja ukiuliza maji ya jirani wa juu yanaingilia wapi, maana yataingia hata kama mchoro wako unaishia kwenye mstari wa mpaka. Leveli za milango, vilele vya njia za magari na midomo ya chemba ziandikwe kwa tarakimu kwenye mchoro, kila moja, na mpimaji azihakiki saiti kabla ya zege kumwagwa.